Risasi ya Kwanza

Juzi, katika nyumba ninayofanya kazi hapa Jeddah, nilimkuta bosi mezani akijaza baruti kwenye maganda matupu ya risasi. Mwanawe aliomba apige ya kwanza. Bosi akakataa. "Nimezijaza kwa mkono. Baruti ikizidi, bunduki inaweza kupasuka usoni. Ya kwanza nitapiga mwenyewe."

Nilisimama na trei ya kahawa, lakini akili ilikuwa Riyadh, alasiri moja nilipokuwa msichana wa shule, tulipokuwa tumemtembelea baba.

Baba alikuwa dereva. Bosi wake alitupeleka uwanja wa shabaha nje ya mji, kwenye vumbi la moto na harufu kama ya viberiti vilivyowashwa pamoja. Bunduki yake ilikokiwa kwa mkono wa chuma uliokuwa chini yake, ikalia kama kitasa kibovu. Risasi, bosi huyo alikuwa amezijaza mwenyewe nyumbani.

"Yalla, anza wewe," alimwambia baba.

Baba alivua saa, akanipa pamoja na ikama yake, kibali chake cha kuishi Saudia. "Kaa nyuma ya gari, mama. Shika hivi vizuri."

Nilivimba kwa fahari. Kwetu anayepakuliwa chakula kwanza ni mgeni wa heshima.

Mlio wa risasi ya kwanza ulipopita, baba alibaki ameitazama mikono yake, akiigeuzageuza. Nikapiga makofi. Ndipo bosi akaichukua bunduki, akapiga zilizobaki akicheka.

Niliporudi shuleni, nilisimulia muhula mzima jinsi baba yangu anavyoheshimiwa Saudia, hata bosi hathubutu kupiga kabla yake.