Injini ya Marehemu Svetozar

Radivoje alikuwa mwokaji mikate katika kijiji kimoja cha milimani juu ya mji wa Valjevo, mwanamume mpole mwenye mikono mizito. Baada ya mama yake na mdogo wake, kitu alichokipenda kuliko vyote duniani kilikuwa gari la marehemu baba yake. Lilikuwa aina ya Zastava, mojawapo ya yale madogo ambayo nchi nzima iliyaita Stojadin, jina la mtu kabisa, utadhani kila familia ilikuwa na mjomba wa jina hilo anayelala uani. La kwao lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo. Mzee Svetozar alilinunua mwaka ambao Tihomir, kitinda mimba, alianza shule.

Kila kiangazi walishuka nalo baharini kwa njia ya milimani. Mama Kosana alikaa mbele na sufuria ya kuku wa kukaanga mapajani, watoto nyuma wakigombea dirisha, tikiti maji likibingirika miguuni mwao. Kwenye miteremko mzee alizima injini kuokoa petroli, na katika ukimya ule ulisikia upepo tu, na yeye akiimba vibaya. Lakini kabla ya safari yoyote, hata ya sokoni, sharti afungue boneti, avute kijiti cha oili, akifute, akizamishe tena, kisha awaonyeshe wanawe.

"Oili kwanza, safari baadaye," alisema. "Mtu asiyepima oili, hata mke asipewe."

Mzee alipofariki, Tihomir alikuwa ameshahamia Linz, Austria, kwa kazi ya kubandika vigae. Radivoje akabaki na mama, tanuri na Stojadin. Injini ilikuwa imechoka. Ilikula oili, ikatoa moshi wa buluu, na kwenye mlima ilihema kama mgonjwa wa pumu. Hapo ndipo mpango wa kubadili injini ulipoanza. Kila Jumapili Tihomir alipiga simu, akamjulia mama hali, kisha yeye na kaka yake wakaingia kwenye mazungumzo ya injini.

"Kaka, Gvozden bado anayo ile injini ya elfu moja mia tatu ghalani?"

"Anayo. Ameifunika gunia."

"Inazunguka?"

"Nimeizungusha kwa spana. Haijakwama."

"Sasa tunangoja nini?"

Gvozden alikuwa jirani yao, mzee wa rika la baba yao. Injini yake ilitoka kwenye gari lililooza bodi, ndugu wa damu wa lile lao, ila yenyewe ya ujazo mkubwa kidogo. Ingekalia mauntini zilezile zinazoishikilia injini na kushikana na gia boksi ileile. Hata hivyo mambo yalikuwa mengi ya kupanga. Redieta ingetosha kuipoza? Klachi ya zamani ingehimili? "Na breki je?" Radivoje aliuliza. "Tukiongeza nguvu tukaacha breki za zamani, tutafika tusikokwenda." Wakaafikiana kwamba breki zitangulie. Wakapanga majira ya baridi, wakapanga miti ikichipua, miaka ikapita. Kila walipokaribia kuanza, Radivoje alipata udhuru: theluji, bei ya unga, Pasaka, mgongo.

Ukweli wenyewe hakumwambia mtu. Asubuhi akitoka kuoka alikaa kwenye usukani akaiwasha injini, aisikilize tu. Ilikuwa na kigugumizi kidogo kabla ya kutulia, na sauti hiyo ndiyo iliyomwambia utotoni kwamba baba amerudi. Kuing'oa aliona ni kumzika mzee mara ya pili.

Kisha kiangazi kimoja, kwenye mpando wa mbele ya kanisa, Stojadin likazimika na halikuwaka tena. Silinda moja haikuwa na nguvu hata chembe. Septemba Tihomir akaja likizo, akashusha cheni bloku ya kunyanyulia injini kutoka kwenye buti la gari lake kabla hajashusha sanduku la nguo.

Mama Kosana alikuwa uani akichoma pilipili hoho nyekundu za kuhifadhi kwa ajili ya baridi, akizimenya ngozi zikiwa bado moto. Wanawe wakasimama mbele ya boneti.

"Nimebadili mawazo," Radivoje alisema. "Tuifanyie ovaholi, tuifufue hiihii."

"Ovaholi! Kaka, silinda imechimbika kama barabara yenu hii ya kijijini."

"Ni injini ya baba."

"Baba hayumo humo ndani, Radivoje."

"Utajuaje wewe? Baba anakata roho, wewe uko unabandika vigae kwenye mabafu ya watu."

 Tihomir akaiweka spana juu ya boneti polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Pilipili zilipasuka juu ya moto.

Ndipo mama akasema, bila kuinua macho, "Hiyo cheni yenu itundikeni kwenye tawi la chini la huo mti wa jozi. La juu limeoza. Ile nyingine nayo ilishushiwa hapohapo."

"Nyingine ipi, mama?"

"Injini. Ile ya kwanza."

Radivoje alimkodolea macho. Mama akajifuta mikono kwenye aproni.

"Mlikuwa bado watoto, mko kwa dada yangu Leposava, mnachuma matunda. Baba yenu akamwaga oili chafu ili atie mpya. Gvozden akamwita ng'ambo ya ua aje aonje pombe ya plamu aliyoipika. Akaonja. Aliporudi, akafunga boneti, akawasha, akaenda mjini. Darajani hakufika."

"Bila oili?" Tihomir aliuliza.

"Hata tone. Injini ikajifunga kama jiwe. Wakatafuta nyingine kwenye gari lililopata ajali, wakaipandisha yeye na Gvozden, wewe na kaka yako mkaja mkakuta gari linanguruma. Akaniapisha. 'Kosana,' anasema, 'wakijua hawa, nitawaambia tena oili kwanza kwa uso gani?'"

Radivoje aliketi juu ya gurudumu la akiba. Mabega yakaanza kumtikisika, na Tihomir akadhani analia, mpaka kicheko kilipomtoka. Akacheka hadi machozi yakamchirizika, na katikati ya kicheko kile kweli akalia kidogo.

"Mwongo mkubwa yule," alisema. "Miaka yote hii naomboleza chuma cha mtu nisiyemjua hata jina."

"Basi mimi na mzee tuna akili moja, injini ikifa inabadilishwa," alisema Tihomir.

"Nyamaza wewe. Shika cheni." Kisha, kwa sauti ya chini, "Lile neno la vigae, mdogo wangu, nimelitamka vibaya."

"Nimelisikia vibaya pia. Vuta."

Gvozden alipoitwa aje kusaidia, alisimama getini kichwa chini. "Nilimwapia marehemu kwamba sitasema!"

"Aliyekuapisha ameshakwenda, mzee. Ingia, leta na injini," Radivoje alimjibu.

Kazi iliwachukua karibu likizo yote ya Tihomir. Waliweka gasketi mpya, mkanda mpya wa taimingi, klachi mpya, na breki walizokubaliana zikatangulia. Eksozi ilikataa kukutana na injini kwa upana wa kidole. Tihomir akakata kipande cha bomba, akachomelea. Oili aliitia Gvozden, na wote walimkazia macho mpaka akaona haya.

Injini iliwaka kwa jaribio la pili. Sauti yake ilikuwa nzito, haina kigugumizi. Radivoje aliinamisha kichwa akaisikiliza, na moyo ukamuuma kidogo.

"Umeipenda?" mdogo wake aliuliza.

"Sijaizoea."

"Hata ile uliizoea."

Mama akasema kwa kuwa ametajwa Leposava, basi apelekwe kwa Leposava, mjini Kosjerić, ng'ambo ya mlima Bukovi. Stojadin likaupanda mlima kwa gia ya tatu bila kulalamika. Leposava akatoka getini kwa mkongojo, akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akamwambia dada yake ahamie huku nyuma wakae vizuri. Na humo ndani wakabaki, wameshikana mikono, wakiwasema wafu na walio hai, mpaka chakula alichoandaa Leposava kikapoa mezani na Radivoje na Tihomir wakala wamesimama uani.