Kliniki ya Wenye Watoto

Mdogo wangu aliniomba nimwazime mwanangu. Tulikuwa tumekaa kwenye turubai tukichambua pamba, safi huku, yenye uchafu kule, na mama alikuwa ameenda mnadani.

"Dada, kesho nipe mtoto nimbebe mgongoni, niende naye zahanati."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Nataka kuingia kile chumba cha uzazi wa mpango. Bila mtoto wataniuliza nimefuata nini."

Nikacheka, kisha nikaona hatanii. Alikuwa kidato cha nne, ana miaka kumi na minane, na mpenzi ambaye mama alijifanya hamjui. Mtihani wa mwisho ulikuwa mbele yake. Mimi nilipata mimba nikiwa kidato cha pili. Baadaye nilirudi shule nikamaliza, lakini yeye alikuwa ameniona nikitoka darasani maziwa yamelowanisha sare. Hakutaka kupita hapo.

"Nani kakwambia lazima uwe na mtoto?"

"Jina lenyewe. Uzazi wa mpango. Mimi sina uzazi, nipange nini?"

Wasichana wengi wa huku kwetu Itilima wanalisikia hivyo: mtu kwanza azae, ndipo apange. Hata mimi nililisikia hivyo. Nikaweka pamba chini, nikamweleza polepole kwamba kupanga ni pamoja na lini uanze, siyo lini uongeze tu. Akauliza kama ni kweli kijiti cha kuzuia mimba hutembea mwilini mtu akilima sana. Nikamwambia hapana, hukaa chini ya ngozi ya mkono palepale kilipowekwa, na siku ukitaka mtoto kinatolewa. Akasema labda ahesabu siku tu. Nikamuuliza siku za hatari ni zipi. Akataja siku za damu.

"Basi kwa hesabu hiyo ungepata mapacha," nikasema. Akanirushia pamba.

"Nipe tu huyo mtoto, dada."

"Sikupi. Ukienda naye watakushauri kama mama aliyekwisha kuzaa. Nenda kama wewe. Nitakusindikiza."

Asubuhi benchi la zahanati lilijaa kina mama na watoto wa kupimwa uzito. "Mwangaluka," tukawasalimia, wakaitikia. Mmoja akamchungulia mdogo wangu mgongoni.

"Wee binti, wako umemwacha wapi?"

"Sina."

"Sasa umeleta nini kupimwa, madaftari?"

Wakacheka wote.

"Nimekuja ili nisimpate kabla ya mtihani, mama."

Kicheko kikakatika. Yule mama akampakata mwanaye vizuri, akasogea. "Kaa hapa," akasema.

Nesi alikaa naye muda mrefu. Mdogo wangu alitoka na bandeji mkononi na kondomu mfukoni, akanieleza kama mwalimu kwamba kijiti peke yake hakizuii magonjwa.

Njia nzima alitunga uongo wa kumwambia mama: ameanguka, amechomwa na mwiba. Tulimkuta mama anawasha moto. Akaiona bandeji.

"Nini hicho?"

Mdogo wangu akanitazama. Nikamwonyesha mama kwa kidevu.

"Kijiti, mama. Nataka nimalize shule."

Mama akainama, akapuliza kuni mpaka zikashika. Kisha akanigeukia mimi.

"Leo maji utachota wewe. Huyo asibebe ndoo."