Ngazi Upande wa Kulia

Nilifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, na shati moja na mikono miwili. Leo, ukisimama sokoni ukauliza nani anachomelea milango isiyolia, mtoto yeyote atakuleta kwangu. Sisemi ili nisifiwe. Nasema kwa sababu ni hivyo.

Shule niliiacha darasa la tatu, kule Fizi, Kongo. Nikapanda lori nikawa konvoyeri, yaani yule anayepakia mizigo, anayekaa juu yake safari nzima, na gari likisimama anaruka chini wa kwanza kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Miaka sita nilikuwa naruka. Kuchomelea nilijifunza kwa kuangalia wenzangu wakitengeneza lori zilizovunjika. Hakuna aliyenifundisha, na hakuna anayenidai asante.

Sisi wa kambi hatutoki bila karatasi. Unaiomba ofisini, unapewa siku moja, unakwenda Lilongwe, na kabla ya saa kumi na mbili jioni uwe umerudi na kujionyesha kwa polisi wa getini. Ukichelewa, karatasi nyingine utaisikia kwa wengine tu. Na kazi zangu nzuri zote ziko Lilongwe. Ndiyo maana karatasi yangu huwa naitembeza ndani ya plastiki, kifuani, na siku nzima mkono unaenda kuigusa wenyewe.

Basi kulikuwa na mama mmoja Mtanzania, anafanya kazi ofisi moja ya City Centre, hapo Lilongwe. Nilikuwa nimemtengenezea keria ya juu ya gari lake kubwa, chuma kitupu, hata mimi nikiiangalia nilifurahi. Siku moja akanipigia simu. Alikuwa amenunua hema la kufungwa juu ya ile keria. Mchana limekunjwa kama sanduku, jioni unalifungua kama kitabu, ngazi inashuka, watu wanapanda kulala. Alikuwa na likizo, anataka kwenda kwao Mbeya kwa barabara, yeye na binti zake wawili, wakilala njiani kwenye vituo vya mafuta na karibu na vizuizi vya polisi.

"Umewahi kufunga la namna hii, fundi?"

"Mama, nimefunga mengi."

Sikuwa nimeliona hata moja.

Akanitumia kwenye simu picha za kitabu cha maelezo, kwa Kiingereza. Jioni hiyo nikamwita jirani yangu, mtu wa Bukavu, aliyekuwa mwalimu wa shule huko na hapa anaandikia watu barua. Tunamwita Mwalimu. Akaweka miwani, akaishika simu yangu mbali kama inanuka.

"Inasema bolti nane. Usikaze kupita kiasi. Ukisha kuendesha kidogo, simama, kaza tena."

"Hiyo nilijua."

"We uliijulia wapi?"

"Chuma haina kitabu, Mwalimu."

"Na inasema hema inaweza kufungukia kushoto ao kulia. Fundi njo anachagua."

"Kulia," nikasema.

"Njo vile, kulia. Ngazi ishukie kwenye majani, mbali na magari."

"Kumbe masomo yako yanasaidia kidogo."

"Na kukosa masomo kwako, kunakusaidia nini?"

Mke wangu, aliyekuwa kwenye cherehani, akacheka mpaka mguu ukasimama kukanyaga. Nikasema mwenye kazi ni mimi, wao waendelee kucheka.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, nilikuwa nyumbani kwa yule mama, upande wa pili wa mtaa wa Kauma. Mimi Lilongwe situlii. Nikitoboa tundu naangalia jua, nikifunga nati naangalia jua. Hema lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri. Tulilinyanyua watu wanne: mimi, mama mwenyewe, mlinzi, na mzee wa bustani. Chini lilikuwa na reli mbili. Bolti zinaingia kwenye reli kwa kuteleza, zinashuka mpaka kwenye vyuma vya keria, unaweka bati chini, unaweka washa, kile kiduara cha chuma, unakaza. Kati ya chuma na chuma niliweka mpira niliokata kwenye chambrea, tyubu ya ndani ya baiskeli, ili visisuguane. Hiyo haikuwa kwenye kitabu. Hiyo ni yangu.

"Njo hivi, mama. Sasa fungua."

"Fundi, na hilo 'njo' lako la kusema 'ndiyo', mimi najiuliza kila siku nije wapi."

"Nyinyi Watanzania munasema kama radio. Mtu anaogopa hata kuwajibu."

Akafungua. Hema likasimama, ngazi ikashuka upande wa kulia, ikakanyaga majani ya uani vizuri kabisa. Binti mkubwa, wa miaka tisa hivi, akapanda, akashuka, akapanda tena. Alikuwa anashuka kinyumenyume, anatafuta daraja la ngazi kwa kidole gumba cha mguu, haangalii nyuma. Mimi nikaruka mara tatu juu ya keria ili wote waone.

"Hapa hata ng'ombe alale," nikasema.

Saa tisa nilikuwa nimeaga. Siku yote ilikuwa mkononi mwangu.

Kituoni nikasimamisha gari dogo la kwenda upande wa Dowa, kambini kwetu. Dereva akaegesha, akanionyesha kwa kichwa niingie. Nikazunguka kwenda mlango wa kulia. Honi ikalia sikioni mwangu, lori likapita, upepo wake ukachukua kofia yangu. Dereva akaniuliza kwa Kichewa kama nimechoka kuishi.

Miaka kumi na nne niko Malawi. Nakijua Kichewa, naijua nsima, ugali wao, nawapangia bei mpaka wanalia. Lakini kwetu Kongo magari yanapita mkono wa kulia wa barabara, na konvoyeri anarukia kulia, kwenye majani. Hapa yanapita kushoto. Upande wa kulia wa gari lililosimama njiani ndiyo barabara yenyewe. Miguu yangu haijaambiwa.

Nikaingia, nikaketi, tukaondoka. Nikagusa karatasi kifuani. Na hapo ndipo nikaiona ngazi.

Nikaiona inashuka kwenye lami. Nikaona kile kidole gumba kinatafuta daraja, mtoto ana usingizi, mgongo wake uko barabarani. Mwalimu aliona kulia ni sawa, mimi niliona kulia ni sawa. Wakongo wawili tuliokaa kwenye stuli tukapanga barabara za watu kama za kwetu.

Tulipofika Kanengo, pembeni ya mji, nikamwambia dereva anishushe. Nikapiga simu.

"Kuna nini, fundi? Umesahau kitu?"

"Nataka kurudi kukaza bolti moja, mama."

"Si ulisema hata ng'ombe alale?"

"Nilisema. Lakini ng'ombe ni mzito."

Akacheka. "Nenda nyumbani bwana, na hiyo karatasi yako. Tutakaza wenyewe njiani. Kesho alfajiri tunaondoka."

Akakata. Nimeshasema uongo mwingi maishani, lakini sijawahi kufunguliwa mlango mzuri hivyo wa kutokea. Ningeweza kwenda. Labda wangeona wenyewe, labda wangelala uani kwa mtu, labda wasingefungua kabisa. Nilitembea hatua kumi kuelekea Dowa, nikageuka, nikatembea hatua kumi kuelekea mjini, wauza ndizi wakinitazama. Kisha nikapanda kabaza ya pikipiki, bodaboda ya hapa, nikamwambia dereva akimbize.

Nilipofika kwa mama, mzee wa bustani alikuwa amekwenda kwake. Nikapanda juu ya gari bila kumwambia mtu, nikaanza kufungua. Mama akatoka na taulo begani.

"Bolti moja ndiyo zote nane?"

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa niseme kuna washa mbovu. Nikaiweka spana juu ya keria.

"Mama, ngazi nimeiweka upande wa barabara. Kwetu magari yanapita upande mwingine. Nilifunga kama niko kwetu."

Akalitazama gari, akaenda mbele, akarudi nyuma, akasimama upande wa kulia kama mtu anayesubiri kuvuka.

"Na yale mengi uliyofunga, yalifungukia wapi?"

"Hili njo la kwanza."

Akaitupa taulo juu ya kamba.

"Mimi naendesha hapa kila siku na sikuliona kosa. Niambie nishike wapi."

Tulikuwa watatu tu, hatungeweza kulishusha. Nikalipaka maji ya sabuni chini, na tukalizungusha juu ya keria polepole, yeye pembe moja, mlinzi pembe nyingine, mimi juu nikisukuma kwa magoti. Tulipomaliza bolti ya mwisho jua lilikuwa limeshuka kwenye paa za Kauma. Akasema ananipeleka mwenyewe.

Aliendesha kasi, mimi nasikiliza juu kama kuna chuma kinacholia. Hakuna kilicholia. Tulifika getini tumepitiliza nusu saa. Polisi akaipokea karatasi, akaangalia saa, akatoa kalamu. Mama akashuka kumweleza, polisi akamjibu kwa heshima kwamba kuchelewa ni kuchelewa. Wakati anaandika jina langu, mimi nilikuwa nimepanda juu na spana, nakaza tena zile nane, kama kitabu kilivyosema. Akaningoja nishuke ili nitie sahihi.

Mama akageuza gari. Niliangalia upande wa kushoto wa gari mpaka alipopotea.

Asubuhi Mwalimu akaja na kalamu ili aniandikie barua ya maelezo kwa ofisi.

"Tuandike pneu ya gari ilipasuka," akasema. "Kila mutu anaandika pneu."

"Andika ukweli. Fundi alikosea."

"Wewe? Uandikwe umekosea? Nikuletee maji?"

"Andika."

Akaandika, akafuta, akaandika tena. Nikamuuliza anafuta nini. Akasema ameondoa "alikosea" ameweka "tulikosea", maana hata yeye alisema kulia, na yeye ana diploma.

Karani wa ofisi aliisoma mara mbili. Akauliza hao waliokosea ni nani na nani. Mimi nikanyoosha mkono. Nyuma yangu, Mwalimu akanyoosha wake, na kalamu ndani yake. Karani akatutazama, akakaribia kucheka, akajizuia. Akanipa miezi miwili bila kutoka. Mwalimu hakupewa kitu, kwa sababu hajawahi kuomba karatasi ya kwenda popote.

Sasa ni wiki ya tatu. Nimechomelea milango yote ya jirani, hata ile isiyoharibika. Mama alinipigia kutoka Mbeya, akasema wamelala njiani mara mbili na wamefika wote watatu. Nikamwambia nilijua. Kisha nikasimama, nikatembea mpaka getini, nikarudi.