Msiba wa Mikangazi

Adwoa Birago aliajiriwa na idara ya bustani ya mji wetu wa Kumasi akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanda mikangazi kando ya kijito cha mtaa wetu, ukingo huu na ule, hatua saba kutoka mti hadi mti. Alipostaafu, miti ilikuwa na miaka thelathini na nne. Mimi ni jirani yake, na sikuwahi kupita pale mchana nikakosa watu kivulini: mafundi cherehani na mashine zao, wachoma ndizi, wagonjwa waliotolewa nje kupunga upepo.

Asubuhi moja tukakuta kila mti umepakwa alama nyekundu. Tajiri mmoja alikuwa amepewa kibali cha kuikata na kujenga maduka.

Birago alikwenda kwa diwani wetu, Oteng. Alikaribishwa vizuri, akapewa maji, kisha akaambiwa asijisumbue.

"Mama, pale ni pori tu. Mji unakua."

"Pori gani hilo limejipanga mistari, hatua saba saba?" Birago akamwuliza. "Paa la shule yenu lilipoezuliwa, ulifundishwa kusoma chini ya miti ile. Au umesahau?"

Diwani akaanza kuchezea simu yake. Nilikuwepo, na hasira niliyotoka nayo mle ndani sijaimaliza hadi leo. Kwa watu wale, ardhi isiyo na jengo ni ardhi isiyo na kazi.

Birago hakugombana naye. Alikwenda kwa mchapaji akatengeneza bango la msiba, kama yale yaliyojaa kwenye kuta zetu, ila mahali pa sura ya marehemu paliwekwa picha ya mkangazi. Umri: miaka 34. Wafiwa: mtaa mzima. Jumamosi tulivaa vitambaa vyetu vya msiba, vyekundu na vyeusi, tukapanga viti chini ya miti, tukakaa matanga.

Tingatinga lilifika saa tatu. Dereva, mtu mzima kutoka Mampong, alituona, akazima injini, akavua kofia. Akaanza kutushika mikono kutoka kulia, mmoja mmoja, kama anavyofanya mtu mwenye adabu akifika msibani. Alipofika kwa Birago akauliza nani amefariki. Birago akamwonyesha miti. Yule mzee akampigia mkubwa wake simu.

"Bosi, hapa kuna wafiwa. Mimi sipiti juu ya msiba wa watu."

Akavuta kiti, akakaa nasi mpaka alasiri.

Tajiri na watu wake walisubiri siku nane. Jumapili, mtaa mzima ukiwa kanisani, wakaleta watu wengine na misumeno ya mashine. Tulipotoka ibadani, ukingo wa kaskazini ulikuwa mtupu. Miti arobaini na mmoja. Birago aligusa kisiki kimoja baada ya kingine, na utomvu ukamganda kwenye nguo yake ya kanisani.

Ukuta wa maduka ukajengwa hadi majini. Mvua za Juni ziliponyesha, kijito kilikosa pa kupita, kikaingia majumbani mwetu. Cherehani tisa ziliharibika, na godoro la Birago tulilikuta mtaa wa pili. Diwani akasema redioni kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu, kisha akaja kutupa pole, viatu mkononi.

"Mungu hakutia saini kile kibali," Birago alimwambia mbele ya watu wote. "Saini ni yako."

Safari hii alikwenda mahakamani. Alibeba ramani ya zamani ya idara, aliyoitunza ndani ya sanduku la nguo, inayoonyesha kwamba kingo zote mbili ni bustani ya umma. Hakimu akazuia ukingo wa kusini usiguswe. Wa kaskazini, alisema, tayari umejengwa.

Tayari umejengwa! Kwa hiyo mwizi akishakula, chakula ni chake.

Oteng alichaguliwa tena. Sisi wa kaskazini tumelaza ubao juu ya kijito, na jua likiwa kali tunavuka na viti vyetu kwenda kuomba kivuli ng'ambo. Birago huwa ameshatutangulia, anapalilia miche mipya ya mikangazi.