Hilari na Vimishipa vya Pembeni

Tangu arudi kutoka kutibiwa moyo Dar es Salaam, Hilari alikuwa mfungwa wa kiti cha kamba uani kwa binti yake Dafrosa, Tabora mjini. Hakuna aliyemfunga. Huyu ni mrina asali wa Sikonge, mtu ambaye msimu mzima hulala kambini porini na kupanda miti mirefu kuifuata mizinga yake, na sasa hata maji ya kunawa aliletewa. Alikuwa na haja moja tu moyoni: kupanda tena.

Kosa lilianzia kwenye maelezo. Daktari alipokwisha kuuzibua mshipa mkubwa wa moyo kwa puto na kuuwekea kimrija cha waya, alimweleza kwamba mshipa ule ulipokuwa unaziba polepole, moyo wenyewe ulijitengenezea vimishipa vya pembeni vya kupitishia damu. Hivyo ndivyo vilivyomfikisha hospitali akiwa hai. Hilari akauliza kama mshipa mkubwa waweza kuziba tena. Daktari hakumficha. Alisema waweza, na wako wataalamu wanaodhani vimishipa vikiwa na nguvu sana huunyima ule uliozibuliwa msukumo wa damu, ukasinyaa upesi, ingawa wengine wanakataa.

"Wewe meza dawa, mzee, na utembee kila siku," akamaliza.

Hilari aliyashika yote isipokuwa hilo la mwisho. Kwao, masika yakikata barabara, baiskeli hujitafutia mchepuko msituni. Barabara ikitengenezwa na watu wakang'ang'ania mchepuko, barabara huota majani. Dawa yake kila mwanakijiji anaijua: weka matawi ya miiba mdomoni mwa mchepuko, utakufa wenyewe. Basi akaona kutembea ni kuvilisha vimishipa. Akikaa tuli vitakosa kazi, vitakauka, na damu yote itapita njia kuu. Akili ni nywele, na Hilari alikuwa na kichwa kizima cha mvi.

"Baba, twende basi hata mpaka kwenye kona," Dafrosa alimsihi karibu kila jioni.

"Niache, mwanangu. Nafunga njia."

Alikichukia kiti kile. Nje ya ukuta, kwenye njia ya zamani ya misafara, watu walipita na baiskeli zao kwenda walikotaka, naye akawaonea wivu wote, hata walevi. Wakati wa kurina ulipofika, mkewe Yustina alipiga simu kutoka Sikonge kusema wenzake wameshaingia porini. Hilari alimrudishia binti simu, akageukia ukuta, akalia. Hata kulia alilia kwa kujibana, asije akaushtua moyo. Aliona amezikwa huku macho yake yakiwa wazi. Faraja yake ilikuwa moja: kifua hakikumuuma hata kidogo. Kwa hiyo, alijiambia, njia kuu imeshinda.

Siku ya kupimwa ikafika, wakarudi Dar es Salaam. Daktari aliitazama picha ya mishipa kwa muda mrefu.

"Shikamoo tena, mzee wangu," alisema, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Mshipa umesinyaa ndani ya kile kimrija. Umekaribia kuziba."

"Marahaba. Lakini siumwi popote."

"Huumwi kwa sababu vimishipa vya pembeni vimebeba kazi yote. Bila hivyo, leo ningekuwa nazungumza na Dafrosa peke yake."

Dafrosa akasimulia habari ya kiti. Daktari hakucheka.

"Siwezi kusema kukaa ndiko kulikouziba. Labda ungeziba tu. Na kukaa hakukuviua vimishipa, tumshukuru Mungu. Kumekudhoofisha wewe. Tutauzibua tena."

"Na miti?"

"Kutembea ndiyo, hata huko porini kwako, tangu mwanzo ungeweza. Kupanda miti, hapana. Hilo limekwisha, mzee."

Hilari alipiga hesabu. Msimu mzima angeweza kuwa kambini, akizunguka chini ya mizinga yake na kuwaelekeza vijana, akinuka moshi na asali kama kawaida yake. Ulikuwa umempita akiwa uani, akijitahidi kuvinyima uhai vile vilivyokuwa vinamweka hai.

"Nilitaka vife," alimwambia daktari. "Kila siku niliomba vife."