Upele Kwenye Majani ya Bibi Yangu

Mimi shule niliiacha mapema, ng'ombe za baba zilihitaji mtu. Lakini macho ninayo, na siku ile niliyomaliza kupogoa majani chai yetu ya upande wa juu, hapa karibu na Sosiot, macho ndiyo yaliniponza.

Mtu asiye na chai huenda hajui: kila baada ya miaka kadhaa kichaka kinakatwa chini, kinabaki mifupa tu. Usipokata kinakuwa mti, na nani atapanda mti kuchuna majani? Basi nilikata, na mifupa ilipobaki wazi nikaona upele. Mahali pengine ulilala bapa kama chokaa iliyomwagika. Pengine ulijikunja kama sukuma wiki iliyokauka. Na kwenye matawi ya pembeni zilining'inia ndevu za kijivu, kama za mjomba wangu mmoja ambaye hakuwahi kununua wembe maisha yake yote. Alisema wembe unaleta baridi kichwani. Mambo ya mjomba tuyaache.

Nilishtuka kabisa. Ilikuwa miaka ya tisini na kitu, na kwenye baraza la chifu tulikuwa tumeambiwa kuna kuvu inayoua chai. Ikiingia shambani, ng'oa kichaka na mizizi yake yote, la sivyo inatembea chini ya udongo mpaka kwa jirani.

Na jirani nilikuwa naye, mtu aliyetoka upande wa Kisii akanunua shamba hapa, chai yake na yangu zinagusana. Alipoona ule upele alienda kwake akarudi na fokojembe, lile jembe la meno.

"Mzee, usingoje," akasema. "Ng'oa yote. Leo iko kwako, kesho iko kwangu."

Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kama mimi.

Shida ilikuwa bibi yangu, mama watoto. Ile chai aliipanda yeye. Wakati huo mimi nilikuwa kibarua kwenye mashamba makubwa ya Kericho, nafika nyumbani mwisho wa mwezi, nikiwa na bahati. Miche aliibeba kichwani, kifungua mimba wetu mgongoni, akachimba mashimo yeye mwenyewe. Watoto wetu wote walisomea kwenye yale majani. Sasa mimi ndiye niende kumwambia tunang'oa.

Nilipomwambia, aliketi chini katikati ya mistari ya chai, akanyoosha miguu.

"Anza na mimi," akasema. "Ukinimaliza, ung'oe chai."

"Mama watoto, ni ugonjwa."

"Ugonjwa gani huo uko mpaka kwenye nguzo za boma? Ile nguzo ilikufa zamani. Inaugua nini?"

Mwanamume hakubali kushindwa na mkewe mbele ya jirani. Nikasema kuna magonjwa yanashika hata maiti. Jirani mwenyewe aliangalia kando.

Mwishowe tukakubaliana afisa wa kilimo wa nyanjani aje kwanza, akisema ng'oa, tutang'oa. Siku za kungoja nilikuwa mtu bure. Hata mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyu, niliona haina ladha, na mimi kwa mursik sijui kukataa.

Afisa alikuwa mwanamke kijana mwenye gambuti zilizojaa matope. Ule upele hakuutazama. Alipiga magoti, akafukua udongo kwenye shina, akabandua gome kidogo kwa kisu.

"Nusa, mzee."

Nikanusa. Udongo na mti mbichi.

"Ile kuvu mbaya inakaa hapa chini ya gome, nyeupe kama karatasi, inanuka uyoga. Hapa haiko."

"Na hii ya juu, madamu?" jirani akauliza.

"Hiyo pia ni kuvu."

Jirani akalishika fokojembe vizuri.

"Ngojeni, haiko peke yake," afisa akasema. Alimwaga maji ya chupa juu ya ile sukuma wiki kavu, na mbele ya macho yetu rangi ya kijivu ikageuka kijani. "Ndani yake kuna mwani, kama ule wa kijani kwenye birika la ng'ombe. Kuvu anajenga nyumba na kushika maji. Mwani anapika chakula kwa jua. Wanakula pamoja. Hapa kwenye chai wamekalia tu, hawanyonyi kitu. Ndiyo maana wanakaa hata kwenye nguzo na mawe. Wanaitwa kuvumwani, na aina zao ni nyingi sana."

Bibi yangu akasimama, akakung'uta nguo. "Kwa hivyo mke anapika, na bwana anajenga nyumba na kuchota maji?"

"Karibu hivyo, mama."

"Basi huyo bwana ni mzuri kuliko wa hapa."

Jirani alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini? Siku hiyo bibi angeweza kunitukana mpaka jioni.

Nikauliza kuhusu ile nyeusi iliyo kwenye mawe ya chemchemi, inayoteleza kama makamasi mvua ikinyesha. Afisa akasema hiyo huenda ina mwenzake wa namna nyingine, anayejua kuvuta mbolea kutoka hewani.

"Mwambie ahamie kwa majani," bibi akasema.

"Haambiwi, mama. Na akihama, anaenda polepole sana." Akatuambia kuvumwani wanapenda ukungu wetu na vichaka vilivyozeeka, na wengi wao moshi mwingi unawaua. Tusiwakwangue. Tuweke mbolea tungoje machipukizi.

Alipoondoka, jirani akaniambia pole, akaenda kwake kukama. Nilibaki shambani kidogo. Nilikwaruza gome kwa ukucha kwenye kichaka kimoja, nikaona kijani chini yake, nikaenda kwa kingine. Bibi akaniita mara mbili chakula kinapoa. Nilikula ule ugali kama mtu aliyetoka hospitali ameambiwa hana kitu, na sahani ilipoisha nikainyoosha tena kwake, naye akaijaza.