Futi Mbili za Bomba

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa naosha vyombo vya kioo katika maabara ya hospitali moja mjini Washington. Makoti meupe tulipewa mawili kila mmoja, moja la kuvaa na moja la kupeleka kwa dobi. Muuguzi mmoja wa wodi ya juu, Mwairishi niliyezoea kula naye chakula cha mchana, aliniuliza siku moja kama lile koti la pili lina kazi siku ya Jumapili.

"Halina," nikasema.

"Na wewe je?"

"Mimi nafua."

"Basi utafua Jumamosi. Mume wangu anatafuta mtu mwenye koti jeupe ambaye hana timu."

Mumewe alikuwa fundi bomba, na siku za Jumapili alikuwa nahodha wa timu ya Washington ya hurling, mchezo wa magongo wa kwao. Nilipomwambia muuguzi kwamba mpira wa magongo tunao hata Tanga, niliucheza shuleni, alicheka mpaka akaweka uma chini. Nilipouona mchezo wao nikajua kwa nini. Gongo lao lina bapa pana mwishoni kama mwiko mkubwa, na mpira ni wa ngozi, ukubwa wa chenza, wenye mshono uliotuna. Magongo tuliyocheza sisi hayakuruhusiwa kupanda juu ya bega. Hawa wanaupiga mpira ukiwa hewani, juu ya vichwa vya watu, na miaka ile wengi walicheza bila kofia ngumu.

Kila goli huwa na waamuzi wawili waliovaa makoti meupe, mmoja kwenye kila mlingoti. Milingoti ni mirefu, inapita juu ya mtambaapanya, ule mti uliolala kati yake, na kuendelea kwenda juu. Mpira ukipita chini ya mtambaapanya ni goli, linahesabiwa pointi tatu, na bendera ya kijani inapeperushwa. Ukipita juu yake, katikati ya milingoti, ni pointi moja, bendera nyeupe. Ukitoka nje, mwamuzi anakunja mikono juu ya kichwa. Kazi si ngumu. Shida ilikuwa kwamba kila timu ilileta waamuzi wake, na kila mwamuzi aliona kwa macho ya timu yake. Wapinzani wao wa Baltimore walikwisha kulalamika mara mbili. Ndipo nahodha akaahidi kuleta mtu asiyemjua mchezaji yeyote wala kaunti ya mtu yeyote huko Ireland.

Nilikuwa nikiishi Columbia Heights kwa kaka yangu na mkewe, mtu wa Mombasa. Nilipomweleza wifi, aliniangalia kutoka kwenye meza ya kupigia pasi.

"Wifi, yaani umetoka Tanga hadi Marekani, ati uende ukawashikie Wazungu bendera?"

"Wananipa chai."

"Chai! Hapa tunakunyima chai?"

Lakini lile koti alilokuwa akilipiga pasi lilikuwa langu, na ukosi aliurudia mara ya pili.

Niliazima kitabu cha sheria, nikanakili katika daftari zile zinazomhusu mwamuzi wa goli. Zilijaza ukurasa mmoja na nusu. Kila Jumapili niliandika pia tarehe, wachezaji waliofika, matokeo, na mengineyo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa mengi yako katika daftari hilo, na machache ndiyo ya kukumbuka tu.

Uwanja wetu ulikuwa wa kukodi, nyuma ya shule huko Lanham. Milango yake ilikuwa ya soka, mifupi. Kila Jumapili nahodha alifika saa moja kabla ya wenzake na mabomba manne ya plastiki, akayafunga kwa waya, mawili kwa kila goli, ili milingoti ipande juu. Mwezi wa tatu, kabla sijajiunga nao, alikuwa ameyakata futi mbili mbili, kwa sababu yalikuwa yakichungulia nyuma ya gari lake la kazi na polisi walikwisha kumsimamisha.

Timu zilikuwa nne katika ligi ile, na ratiba ilitoshea kwenye kadi ya posta. Kila upande ulitakiwa kuwa na wachezaji kumi na watatu. Daftari langu linaonyesha kwamba Washington walifika kumi na watatu mara tano tu. Mara nyingine waliomba kuazima mtu kwa wapinzani. Wairishi waliokuja kwa kazi za ujenzi walihamahama, leo wako hapa, mwezi ujao wako Boston. Kwa hiyo nahodha aliamua kutengeneza wachezaji wake mwenyewe. Kila Jumanne jioni aliwapanga wanafunzi wake kwenye ukuta wa shule ile, wote watu wazima, wakapiga mpira ukutani na kuupokea, mara mia kwa upande wa kulia na mara mia kwa upande wa kushoto. Yeye mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi na saba, aliitwa kwenye majaribio ya timu ya vijana ya kaunti yake. Alicheza siku moja, hakuitwa tena. Alitueleza hayo akiwa amelala chini ya sinki la jiko lake huko Laurel, akikaza nati.

Mwanafunzi wake bora alikuwa tarishi wa posta, Mmarekani mweusi, mtu mrefu aliyejifunza Kiswahili chuoni. Siku ya kwanza alinisalimu, "Hujambo, bibi? Je, watu wa nyumbani kwako hawajambo?" Nikamjibu hawajambo wote. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu.

Mwezi wa nane kamati ya ligi ilikaa, na uamuzi wake ulitujia kwa simu. Ligi haiwezi kubeba timu mbili dhaifu zilizo jirani hivi. Washington na Baltimore watacheza mchezo wao wa mwisho wa msimu, na atakayefungwa atavunja timu, wachezaji wake waende kwa mshindi, wavae jezi za mshindi. Ikiwa sare, zitabaki zote mbili mwaka mmoja zaidi.

Muuguzi alinipa habari hiyo tukiwa kwenye meza ya chakula cha mchana, na chakula hakukigusa. Jezi za Washington zilikuwa za rangi ya damu ya mzee, na namba za mgongoni alizishona yeye kwa mkono, zote kumi na tano, mwaka ambao mumewe alianzisha timu.

"Miaka sita," alisema. "Wakitufunga atavaa njano ya Baltimore. Unamwona yule katika njano?"

Jumapili ya mchezo huo walifika kumi na watatu, tarishi akiwa mmoja wao. Mlingoti wa pili wa goli langu ulisimamiwa na mzee wa Baltimore, mwashi mstaafu aliyemung'unya peremende mchezo mzima na kuniita binti. Tulikuwa tumezoeana. Wakati wa mapumziko nilikuwa nikisali alasiri nyuma ya wavu, naye alinishikia bendera na kufukuza mipira iliyobingirika upande wangu. Siku hiyo alizishika kama kawaida, ila nilipomaliza aliniambia, "Leo watatutukana, binti, wewe na mimi." Akanipa peremende.

Kipindi cha pili Washington walishambulia upande wetu. Walikuwa nyuma kwa goli zima, wakapata pointi, wakapata nyingine. Zote mbili nilipeperusha bendera nyeupe, na nyuma yangu nilimsikia muuguzi akipiga mayowe kama mtu aliyeona nyoka. Ikabaki pointi moja. Refa alikwisha kutazama saa mara mbili pale nahodha alipoupata mpira karibu na mstari wa pembeni, mbali, upande wa mlingoti wangu. Aliurusha juu kidogo kwa mkono, akaupiga.

Nilikuwa nimesimama chini ya bomba, nikiangalia juu sambamba nalo. Mpira ulipanda, ukawa juu kuliko bomba, ukaja. Ulipita juu ya ncha yenyewe. Kwa muda wa kufumba jicho sikuuona mpira, ile ncha ilikuwa imeuziba. Kisha ukaangukia nyuma, kwenye majani.

Katika daftari langu, mstari wa tisa, nilikuwa nimenakili: mpira ukipita juu ya ncha ya mlingoti umetoka, si pointi.

Nahodha alikuwa ameinua mikono yote miwili, akikimbia kuelekea kwa wenzake. Wenzake nao waliinua mikono. Nilikunja yangu juu ya kichwa.

Walinijia kama saba au wanane. Refa alimwuliza mzee wa Baltimore, naye akasema, "Mimi nasimamia mlingoti huu. Ule ni wa binti." Alifanya vyema, maana angesema chochote pale wangesema anaitetea timu yake. Basi wakamsukuma tarishi mbele. Nadhani walifikiri kwamba lugha ya nyumbani ingenilainisha.

"Mheshimiwa mwamuzi," alisema, akihema, magoti yamejaa tope, "ninaupinga uamuzi huu kwa heshima kubwa."

"Umepita juu ya ncha, kaka."

"Je, una hakika?"

"Nina hakika."

Alinitazama, kisha akawageukia wenzake na kuwaambia kwa Kiingereza, "Ana hakika." Refa akapuliza filimbi ya mwisho.

Nahodha na mkewe walikuwa wakiishi Laurel, upande mwingine kabisa na kwangu, lakini kila Jumapili walinirudisha hadi Columbia Heights. Siku ile nilidhani wataniacha kwenye kituo cha basi, na nisingewalaumu. Nahodha alinifungulia mlango. Tukakaa watatu mbele: yeye kwenye usukani, mkewe katikati, mimi dirishani. Mabomba yalikuwa nyuma yetu, yakigongana kila tulipopinda kona.

Muuguzi alianza kabla hatujatoka kwenye maegesho.

"Miaka sita! Kwa ncha ya bomba! Hakuna mtu duniani anayeangalia ncha ya bomba!"

"Sheria ndivyo—"

"Usinitajie sheria. Nilikuleta mimi! Habari ya koti niliianza mimi! Huyo babu wa Baltimore ndiye angepaswa kutukatalia, tungemchukia yeye, tungerudi nyumbani kwa raha zetu!"

Alisema mengi zaidi. Nilishika bendera zangu magotini. Tulipita barabara ya mzunguko, tukaingia mjini, bado anasema. Kwenye taa nyekundu ya tatu au ya nne nahodha akasema, akiangalia mbele:

"Niliuona."

"Uliona nini?" akauliza mkewe.

"Mpira. Ulipotoka tu kwenye gongo nilijua unakwenda juu ya bomba."

"Sasa mikono uliinua ya nini?"

"Mikono kila mtu anainua. Mwamuzi akiona mikono, wakati mwingine na yeye anaiona pointi." Taa ikawa kijani, hakuondoka. "Halafu bomba lenyewe nililikata mimi. Lingekuwa na zile futi mbili, mpira ungeligonga. Pengine ungeangukia ndani."

"Nilikuambia usilikate."

"Uliniambia."

"Nilikuambia ununue kitambaa chekundu ufunge nyuma, kama watu wengine."

"Uliniambia hivyo pia."

Gari la nyuma likapiga honi. Muuguzi alinigeukia mimi, akamgeukia yeye.

"Kwa hiyo tangu Lanham unaniacha namgombeza mwenzangu?"

"Nilitaka kukukatiza," alisema nahodha, akiingiza gia, "lakini ulikuwa unaendelea vizuri."

Mkewe alimvua kofia, akampiga nayo begani. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, na machozi yakamtoka, nami sikujua ni ya kicheko au ya zile jezi. Akanishika mkono, mkono wenye bendera, hakuuachia mpaka mtaani kwetu.

Wifi alikuwa dirishani, ghorofa ya pili.

"Vipi? Wamefungwa?"

"Wamefungwa. Na pointi ya mwisho mimi ndiye niliyeikataa!"

"Wewe! Na bado wamekurudisha?"

"Hawa hapa."

"Basi usiwaache hapo njiani kama mizigo. Waambie wapande, sambusa ziko motoni."

Walipanda. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufika kwetu, ingawa walikwisha kunishusha mlangoni Jumapili nyingi. Nahodha alikula sambusa tisa. Nazo ziko katika daftari.

Msimu uliofuata ratiba ilikuwa ya timu tatu, na uwanja wetu ulihamia Laurel, maana ndiko katikati ya miji miwili. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na wachezaji ishirini na mmoja, na watu walikaa benchi wakinung'unika, jambo ambalo nahodha wetu wa zamani alilitazama kwa furaha asiyoweza kuificha. Alikuwa mchezaji wa kawaida sasa. Jumanne zake aliendelea nazo, ukuta mwingine, na nusu ya wanafunzi walitoka Baltimore. Tarishi alianza kila mchezo. Barua ya kamati ilisema timu zote zimekubali mwamuzi wa koti la hospitali abaki, na mzee wa peremende abaki kwenye mlingoti wa pili.

Mchezo wa kwanza nilimwona nahodha wetu wa zamani akifika na gari lake. Alikuwa amenunua mabomba mapya, marefu, yanachungulia nyuma kwa hatua mbili nzima. Kwenye ncha alikuwa amefunga kitambaa. Kilikuwa cha rangi ya damu ya mzee, na juu yake kulikuwa na nusu ya namba nane iliyoshonwa kwa mkono. Mkewe ndiye aliyekikata.

Katika njano alionekana mnene kidogo. Dakika za mwanzo hakufanya kitu. Kisha mpira ukamfikia karibu na mstari wa pembeni, upande wangu, akaupiga. Vijana wa Baltimore wakainua mikono na kupiga kelele. Yeye aliteremsha gongo, akasimama wima pale pale, mikono chini, akiniangalia mimi.

Mpira ulipita ndani ya bomba, nafasi ya shubiri mbili. Nikainama nikachukua bendera nyeupe. Nilipoipeperusha, ndipo akainua mikono.